Uzamivu wa sanaa: uanzie wapi, uende na nani

Wasanii wenye shahada ya uzamili huniuliza sana swali moja: "Chuo gani kinatoa PhD ya sanaa?" Nikilijibu lilivyo, nitakuwa nimewapoteza. Chuo ni jambo la tatu au la nne. Kinachotangulia ni swali la utafiti, halafu mtu wa kukusimamia. Ukishavipata hivyo viwili, mara nyingi chuo kimeshajichagua chenyewe. Basi mwongozo huu nimeupanga kwa mfuatano huo, kwa ajili ya wachoraji, wachongaji, wanamuziki, wacheza ngoma na watu wa tamthilia, hasa wa Afrika Mashariki, wanaotaka kufika huko bila kutupa miaka.

1. Jiulize unautakia nini

Uzamivu haumfanyi mchoraji achore vizuri zaidi, wala mwimbaji awe na sauti nyingine. Kama hicho ndicho unachotaka, rudi karakanani, tafuta fundi anayekuzidi, kaa naye miaka miwili. Uzamivu unakufunza kuuliza swali ambalo bado halijajibiwa, kulijibu kwa ushahidi, na kuwaonyesha wengine njia uliyopita ili nao waikague.

Tazama waliotutangulia. Penina Muhando Mlama alikuwa tayari anajulikana kwa tamthilia zake alipokamilisha uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983. Hakupewa shahada kwa tamthilia hizo. Alichunguza sanaa za maonyesho za jadi za Wakaguru, namna zinavyofundisha. Amandina Lihamba, mwigizaji na mwandishi, alikwenda Leeds, Uingereza, akachunguza siasa na tamthilia nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha, akamaliza mwaka 1985. Wote wawili waliingia na usanii wao, lakini walitoka na jibu.

Ukitaka kufundisha chuo kikuu na kupanda ngazi za juu, kwetu hukwepi uzamivu. Marekani ni tofauti kidogo: kwa wachoraji na wachongaji wanaofundisha karakanani, shahada ya MFA (Master of Fine Arts) ndiyo inayohesabiwa kuwa ya mwisho, ingawa ni ya ngazi ya uzamili. Nimewahi kumshauri kijana aache kuomba uzamivu kwa sababu hiyo hiyo. Alichohitaji kilikuwa MFA, na ilimgharimu karibu nusu tu ya miaka aliyokuwa amejiandaa kuitumia.

2. Tafuta swali, na uligeuze mpaka lishikike

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mada kama "Nafasi ya ngoma katika jamii ya Wagogo" si swali. Ni kichwa cha hotuba. Mimi mwenyewe nilianza na mada ya namna hiyo. Nilikuwa nimevutiwa na muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wanaopiga wakiwa wameibana ngoma mapajani, na nilidhani kuvutiwa kunatosha. Kilichonigeuza ni kitu kidogo. Kijiji kimoja cha Dodoma, kabla ya kuanza, akina mama walikusanya nyasi kavu, wakawasha moto, wakaziweka ngoma kuuzunguka huku ngozi zikielekea kwenye mwali. Kila baada ya muda mmoja wao aliinua ngoma, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha. Ngoma mbili zikarudishwa motoni mara nyingi kuliko nyingine. Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu, "Shikamoo mama, mbona hizi mbili zinarudi tu?" Akaniitikia marahaba, akasema, "Hizo bado hazijasikilizana."

Hapo nikapata swali. Zinasikilizanaje? Nani anaamua kwamba sasa zimesikilizana? Kipimo chake kinafundishwa vipi kwa msichana anayejifunza, ikiwa hakuna anayekitaja kwa maneno? Maswali hayo yanaweza kuchunguzwa. Unaweza kurekodi sauti, kuwahoji wapigaji, kujifunza kupiga wewe mwenyewe, na hatimaye kusema kitu ambacho hakikuwa kimesemwa.

Fanya hivi na mada yako. Iandike kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza mwishoni. Halafu jiulize: nikiwa na jibu mkononi, litaonekanaje? Kama huwezi kuona umbo la jibu, swali bado ni pana. Kama jibu unalijua tayari, hilo halina kazi ya miaka minne ndani yake. Mpe mtu wa fani yako alisome, na mpe pia mtu asiye wa fani. Wa kwanza atakuambia kama limeshajibiwa, wa pili atakuambia kama linaeleweka.

Kisha pitia yaliyokwishafanywa. Kwenye sanaa mapitio hayaishii kwenye vitabu, na wengi wanalisahau hilo. Santuri na kanda ni machapisho vilevile. Anayeandika kuhusu taarabu ya Unguja hawezi kupita bila kusikiliza nyimbo za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928. Anayechunguza ngoma za bara aulizie kumbukumbu za ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mchoraji anayetaka kuchunguza Tingatinga aanze na picha zenyewe za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Miaka minne tu, na tawi zima la uchoraji likaota hapo. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania, Kijiji cha Makumbusho Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa Zanzibar: kote huko kuna majibu ambayo hayajasomwa na mtu.

3. Amua kama kazi yako ya sanaa itakuwa ndani ya tasnifu

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni tasnifu ya maandishi matupu: unachunguza sanaa, unaandika, unatetea. Ndiyo iliyozoeleka katika vyuo vyetu. Ya pili ni uzamivu kwa njia ya sanaa yenyewe: unatengeneza onyesho, mfululizo wa picha au utunzi wa muziki, na unaandika andiko fupi zaidi linaloeleza swali, mchakato na ulichogundua. Uingereza njia hii ina miongo kadhaa. Norway imeifanya shahada kamili ya uzamivu tangu mwaka 2018, na Sweden na Finland nazo zinayo. Kwenye muziki, Marekani ina shahada ya DMA (Doctor of Musical Arts), inayoupa uzito upigaji na utunzi.

Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: utafiti kuhusu sanaa, utafiti kupitia sanaa, na utafiti kwa ajili ya sanaa. La kwanza ni la mwanahistoria na mhakiki. La pili ni pale kazi ya sanaa inapokuwa ndiyo njia ya kuchunguza. La tatu ni yale maandalizi ambayo kila msanii huyafanya kabla ya kazi, na hilo peke yake halikupi uzamivu. Wanaokataliwa wakiomba njia ya pili, wengi wao wamepeleka la tatu. "Nitatengeneza onyesho kuhusu ukeketaji" ni mpango wa onyesho. "Je, mpangilio wa jukwaa la duara unabadilisha nini katika uhuru wa watazamaji wa kike kumjibu mwigizaji?" hapo tunaweza kuanza kuzungumza, maana onyesho lenyewe ndilo litakalopima.

Kabla ya kuchagua njia ya pili, soma kanuni za chuo chako mstari kwa mstari. Tafuta wanakubali nini kama sehemu ya shahada, andiko linatakiwa liwe na maneno mangapi, na watahini wataiona vipi kazi. Kama kanuni ziko kimya, usikubali ahadi ya mdomo. Omba barua.

4. Msimamizi kwanza, fomu baadaye

Msimamizi ni mtu utakayemvumilia, naye akuvumilie, kwa miaka mitatu hadi sita. Mtafute kwa kusoma maandishi yake, na usidanganyike na cheo. Soma makala zake mbili za karibuni. Angalia wanafunzi wake waliomaliza waliandika nini, na walichukua muda gani. Kama unaweza kumpata mmoja wa wanafunzi hao, mpigie simu umuulize jambo moja tu: akimpelekea sura, inarudi baada ya wiki ngapi?

Barua ya kwanza iwe fupi. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani na umefanya nini, kwa sentensi mbili. Aya ya pili iwe swali lako. Ya tatu ioneshe kwa nini umemwandikia yeye: taja makala yake na jambo ndani yake unalotaka kuliendeleza au hata kulipinga. Malizia kwa ombi dogo, kama vile asome kurasa mbili za pendekezo lako. Usiambatishe picha 40 za kazi zako. Mwekee kiungo kimoja cha video ya dakika tatu au picha tano. Na ukimwendea ofisini mtu mzima wa Mlimani au Makerere, heshima ya kawaida iko palepale. Elimu haijaifuta shikamoo.

Omba wasimamizi wawili kama kanuni zinaruhusu, mmoja wa nadharia na mmoja anayeijua sanaa yenyewe kwa mikono. Mimi msimamizi wangu wa kwanza aliondoka chuoni nikiwa mwaka wa pili, na chuo kilikaa miezi saba bila kunipa mwingine. Aliyeniokoa ni yule wa pili, aliyekuwepo kwenye karatasi tangu mwanzo.

5. Pesa

Usianze kwa fedha zako mwenyewe kabla ya kuandika hesabu yote: ada, safari za uwandani, posho za wasanii, vifaa vya kurekodi, unukuzi, uchapaji, na maisha ya nyumbani wakati huna mshahara kamili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, inafadhili hata wanaosoma Afrika Mashariki. Ufadhili wa Fulbright ni wa Marekani, na ule wa Commonwealth ni wa Uingereza, yenye masharti yanayotofautiana nchi kwa nchi. Norway na Sweden mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara, kwa hiyo nafasi zao hutangazwa kama kazi. Zitafute kwenye matangazo ya ajira. Ukienda nje, hakikisha mapema kwamba mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako (Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu) inaitambua shahada ya chuo hicho. Usingoje mpaka urudi.

6. Vibali, na ridhaa ya wenye sanaa

Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ingawa wanafunzi wa vyuo vya ndani kama Dar es Salaam hupewa barua na chuo chao. Kazi hiyo Kenya ni ya NACOSTI, Uganda ni ya UNCST, na Zanzibar ina utaratibu wake peke yake, hata kama una kibali cha bara. Barua hiyo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, halafu kwa mtendaji wa kata, halafu wa kijiji. Tenga siku tatu nne za kukaa kwenye mabenchi. Chukua nakala kumi.

Muhuri hauwezi kukupa ridhaa. Ridhaa inatoka kwa wapigaji wenyewe. Kaa nao, eleza unataka kurekodi nini, nani ataona, itawekwa wapi, na wana haki ya kukataa hata katikati. Wasiosoma wasitakiwe kuweka alama ya dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza. Rekodi ridhaa yao kwa sauti, kwa lugha yao. Uliza pia kama kuna wimbo usiotakiwa kutoka nje ya kundi au ya jando na unyago, na ukiambiwa upo, zima mashine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania inazigusa pia sanaa za jadi, lakini hata isingezigusa, ngoma ina wenyewe.

Kuhusu malipo nina msimamo. Msanii anayekupigia saa tatu amefanya kazi, alipwe. Elewaneni kabla, mbele ya kundi zima, na uandike kiasi hicho ndani ya tasnifu. Kuwapa soda na kuondoka na shahada ni dhuluma.

7. Rekodi zaidi ya onyesho

Safari yangu ya kwanza nilirekodi dakika 40 za muheme kwa ustadi kabisa. Kamera mbili, kinasa sauti kizuri, mwanga wa saa kumi jioni. Niliporudi Dar es Salaam na swali langu la ngoma zinazosikilizana, nikafungua mafaili na kugundua kwamba sikuwa na hata sekunde moja ya ule moto wa nyasi. Nilikuwa nimewasha mashine baada ya ngoma kupashwa, kwa sababu nilidhani kazi ilikuwa haijaanza. Nilirudi Dodoma kwa gharama zangu, msimu mwingine, na mmoja wa wale akina mama alikuwa ameshafariki.

Kwa hiyo washa mapema na zima mwisho kabisa. Maandalizi, mazoezi, mabishano, kukosea na kurudia: mara nyingi jibu liko huko. Sauti irekodiwe kwa mfumo wa WAV, biti 24, kilohertz 48, na usiiache kwenye MP3 peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili sauti na picha zioane baadaye. Kila faili lipe tarehe, mahali na namba siku hiyo hiyo, maana "video mpya 2" baada ya mwaka ni fumbo. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja mbali na nyumbani kwako. Na usiku uleule, kabla ya kulala, andika kurasa mbili za ulichoona na mashine haikuona: nani alikaa wapi, nani alinong'ona, harufu, kuchelewa, hasira.

Wa njia ya pili, mnaochunguza kwa kutengeneza, wekeni daftari la mazoezi lenye tarehe. Piga picha turubai kila mwisho wa siku, hata siku uliyoharibu. Mtahini atataka kuona uamuzi ulivyobadilika, na kumbukumbu ya kichwani haikubaliwi kama ushahidi.

8. Kuandika

Kwa kunukuu video na sauti, programu ya ELAN ni ya bure na inakuwezesha kuandika maelezo sekunde kwa sekunde. Kwa marejeo tumia Zotero, nayo ya bure. Anza kuandika mwezi wa kwanza, hata kama ni kurasa utakazotupa.

Usimwachie msomaji video ajionee mwenyewe. Eleza. "Mpigaji wa pili anaingia baada ya pigo la nne, anabonyeza ngozi kwa kisigino cha mkono" inamfanya msomaji aone unachoona wewe. Nadharia ije kujibu tatizo lililotokea uwandani. Ikitangulia, itakutafutia ushahidi wa yale inayoyataka.

Lugha inatusumbua wengi: mahojiano kwa Kigogo, mawazo kwa Kiswahili, tasnifu kwa Kiingereza. Nilichojifunza ni kuyaacha maneno mazito katika lugha yake na kuyaeleza kwa urefu mara ya kwanza. Ningeandika kwa Kiingereza kwamba ngoma "zimelingana sauti", ningepoteza tasnifu nzima. Yule mama alisema zinasikilizana, na tofauti ya maneno hayo mawili ilinipa sura mbili. Wanaofanya fasihi na sanaa za maonyesho kupitia idara za Kiswahili wanaweza kuandika tasnifu kwa Kiswahili chenyewe. Kama swali lako linakubali kukaa huko, lifikirie kwa dhati.

Uliza pia mapema kama chuo kinadai makala zilizochapishwa kabla ya kuhitimu. Jarida linaweza kukaa na makala yako mwaka mzima. Kwa kazi zenye sauti na picha kuna Research Catalogue, jukwaa la bure mtandaoni ambapo andiko, video na muziki hukaa ukurasa mmoja.

9. Utetezi

Uingereza utakaa chumbani na watahini wawili, mlango umefungwa. Finland na Sweden utetezi ni wa hadhara, na kuna mtu aliyeteuliwa kukuhoji mbele ya watu. Kwetu utakutana na jopo. Kote, soma tasnifu yako upya kama mgeni na uweke alama kurasa dhaifu. Huko ndiko watakakoingilia. Kama una onyesho au maonyesho ya picha, watahini wayaone kwa macho yao, hivyo tarehe ya ukumbi na ya safari zao zipangwe miezi sita kabla. Karibu kila mtu hupewa masahihisho, kwa hiyo yakija, yafanye upesi.

Lipo jambo moja la kufanya kabla ya kukabidhi tasnifu: rudi kwa wenye sanaa na ulichoandika. Mimi nilipeleka rekodi kwenye memori kadi, kwa sababu kule watu hutazama kwenye simu. Nikawasalimu "mbukwenyi", tukakaa chini ya mti, tukasikiliza kile kipande nilichokitumia kama mfano wangu mkuu wa ngoma zilizosikilizana. Yule mama alisogeza simu sikioni, akasikiliza mara mbili, akanirudishia. "Hapo bado mwanangu. Hiyo ya kushoto ilikuwa ya baridi. Tulianza tu kwa sababu ulikuwa umeshawasha mashine." Nilikuwa na wiki tano kabla ya tarehe ya kukabidhi. Niliibadilisha sura ya nne yote.